Lieni, Wajukuu Zangu

Wajukuu zangu, msiba ukiingia nyumbani, sisi wakubwa huwa na haraka ya kuwanyamazisha. "Usilie, hiyo ni kadari." "Wewe mwanamume, jikaze." Husemwa kwa mapenzi, lakini nimeona maneno hayo yakimfunga mtoto mdomo kwa miaka. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na utume wake haukupungua. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake ameshafariki, akafiwa na mama akiwa na miaka 6, kisha babu yake akiwa na miaka 8, na alipofiwa na mwanawe Ibrahim, machozi yalimtoka mbele ya watu. Atakayewaambia kwamba kulia ni upungufu wa imani, msimsikilize.

Sisi wa Pemba tuliyaona machungu ya msiba Septemba 2011. Meli ya Spice Islander iliondoka Unguja usiku ikija huku kwetu, ikazama katika mkondo wa Nungwi kabla ya alfajiri ya tarehe 10. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, wengine wakielea juu ya magodoro. Zipo familia ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika. Julai ya mwaka uliofuata, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Mungu amependa, tukasema, na ni kweli. Lakini Spice Islander ilipakia watu kupita kiasi, na mzigo uliopakiwa na binadamu hatumtwiki Mwenyezi Mungu. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake wazi aliambiwa na Mtume amfunge kwanza, ndipo atawakali. Kwa hiyo kuuliza nani alizembea si kukosa adabu kwa Mola.

Kisa ninachopenda mkae nacho zaidi ni cha Bibi Maryam. Binti asiye na mume, yuko mbali na watu wake, uchungu wa uzazi umempeleka kwenye shina la mtende, na anajua maneno yanayomngoja akirudi na mtoto mikononi. Akatamani angekuwa ameshakufa na kusahaulika. Maryam, mteule! Wala hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaamrishwa alitikise shina zimdondokee tende mbivu. Ale, anywe. Na siku ile asizungumze na mtu yeyote.

Tazameni alichotakiwa kufanya mja aliyechoka kiasi kile: kutikisa shina, kula, kunywa. Hakutakiwa kuwa shujaa, wala hakuwa na deni la kumjibu kila muulizaji. Nawe siku zikiwa nzito, oga, kula hata kidogo, sali kwa wakati wake japo moyo hauhisi kitu. Simu ukitaka kuizima, izime.

Siku tatu za matanga nyumba hujaa watu. Wiki ya tatu hubaki wewe, wadogo zako na mtihani wa kidato cha nne. Hapo ndipo ninapowahofia. Mtafuteni shangazi, mwalimu wa chuoni, au rafiki anayejua kusikiliza, mumwambie mambo yalivyo. Na mawazo ya kutaka kufa yakikujia, usingoje kupambazuke. Mwamshe mtu mzima unayemwamini usiku uleule, umwambie wazi, afuatane nawe hospitali. Dua tutakuombea ukiwa njiani.