Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mithali hii twaijua sote tangu utoto. Lakini iko nyumba moja ambamo mgeni aweza kuja na mwenyeji asipone, nayo ni hospitali. Katika majira ya mafua hospitali kadha wa kadha huwataka wote waingiao, wauguzi na wageni, wafunike pua na kinywa kwa barakoa. Wengine hutii wakinung'unika, wengine huuliza: "Mimi mzima, sina kikohozi wala homa. Kwa nini nifunikwe uso kana kwamba nimekosa?" Swali hili si la kudharauliwa. Na tulipime.

Kwanza tutazame jambo lililotokea zamani. Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ya mapafu ilizuka Manchuria, kaskazini ya China. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge, alitumwa mji wa Harbin. Alipokwisha kuchunguza alisema kwamba ugonjwa ule wapita kwa pumzi kutoka mtu hata mtu, akawaagiza waganga na wauguzi wafunge pua na kinywa kwa kitambaa chembamba kilichotiwa pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, aliyempita Wu kwa umri, hakukubali. Akaingia kwa wagonjwa uso wazi. Baada ya siku chache akaugua, na Januari 1911 akafa. Tauni ile iliua watu wapata 60,000 kabla haijakoma mwaka huo huo.

Mtu aweza kusema: Mesny alijihatarisha mwenyewe, na uhai wake ulikuwa wake. Lakini je, pumzi yake nayo ilikuwa yake peke yake? Tauni si mafua. Vijidudu vyake ni vya aina nyingine, tena huua upesi zaidi. Ila katika jambo hili zafanana: pumzi haikai kwa mwenyewe. Mwenye homa ya mafua aweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajisikia mgonjwa. Na maradhi ya korona, yaliyoenea duniani mwaka 2020, yana tabia hiyo hiyo. Basi anenaye "mimi mzima" hasemi uongo, ila asema asilolijua.

Tena mgonjwa hana njia. Sokoni nikimwona mtu akikohoa nitapita upande wa pili. Aliyelala kitandani hawezi. Wako mzee mwenye moyo dhaifu, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, na mtu atibiwaye saratani, ambaye dawa zenyewe zimempunguzia nguvu ya kupigana na maradhi. Mafua yampayo mzima siku tatu za kulala yaweza kuwapa hao kaburi. Wao hawakuchagua kuwa karibu nami. Mimi nimechagua kwenda kwao. Basi mwenye hiari ndiye achukue mzigo.

Hata hivyo haki iwe pande zote. Barakoa si ukuta. Huzuia sehemu ya matone yatokayo kinywani, wala haimpi mwenye kikohozi ruhusa ya kuingia wodini. Huyo heri abaki nyumbani na kutuma salamu. Madirisha nayo yafunguliwe, na mikono ioshwe. Tena tusisahau kwamba uso wa mtu nao ni dawa. Kiziwi asomaye midomo hupoteza maneno ya daktari aliyejifunika, na mzee aliye katika kufa hutamani kuuona uso wa mwanawe. Kumkatalia huyo kwa ajili ya amri tu ni ukali usio na faida. Mwana asimame mbali kidogo, karibu na dirisha, afunue uso, waagane. Amri iliwekwa ili kumlinda mgonjwa; ikianza kumtesa, watunzaji wake watafute njia.

Basi, ndugu, tukipewa barakoa mlangoni pa hospitali, tusijiulize tu kama sisi ni wazima. Tujiulize, yule tunayemwendea aweza kustahimili nini? Jasho la usoni kwa nusu saa hukauka njiani turudipo nyumbani, naye mwenyeji wetu hubaki na pumzi yake. Mgeni ajaye hivyo ndiye yule wa mithali.