Uwanja Wenye Mwenyewe

Mpira hauna mwenyewe: vijana wa Tunduma, Tanzania, na Nakonde ng'ambo ya mpaka, Zambia, wakitaka kushindana, hawaombi idhini ya aliyeubuni. Lakini mchezo wa kompyuta kwa kawaida ni mali ya kampuni, unalindwa na hakimiliki, na mwenye mali aweza kubadili kanuni, kuzima seva au kumfungia mchezaji. Je, haki yawezekana hapo? Mtu atajibu: aliyejenga ndiye apange masharti, asiyetaka asicheze. Hoja nzito, ila inatetea umiliki tu, haitetei mwenye mali kuwa pia hakimu. Pale mpakani maofisa wa nchi mbili hukaa kituo kimoja, kila upande na sheria zake. Lakini mchezaji wa Tunduma aliyefungiwa na kampuni mara nyingi hukata rufaa kwa kampuni ileile iliyomfungia. Tena sijagusa umbali wa seva, unaompa mpinzani aliye karibu nayo faida ya sehemu ya sekunde, ambayo hakuna kanuni iliyompa.