Kipimo na Mtu

Dereva wa basi anapopuliza kipimo cha ulevi kabla ya safari, hatumdhalilishi; tunawalinda abiria wake. Lakini mwombaji wa kazi ambaye mkojo wake umeonyesha bangi, tumejua nini juu yake? Pumzi hueleza pombe ya saa chache zilizopita. Mkojo wa aliyekuwa akivuta kila siku waweza kuonyesha bangi hata wiki kadhaa baada ya kuacha. Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba sheria ni kioo: huonyesha doa, hailiondoi. Basi mwajiri apime kwa staha, arudie kipimo kabla ya kuamua, atunze siri. Naye aliyenyimwa kazi, sisi usharika tusimnong'one. Tumtembelee, tumsindikize hospitalini akihitaji. Kristo hakutuweka tuwe wapimaji.