Orodha na Jumba la Vyumba Vingi

Swali ninalolileta leo linaweza kuonekana dogo, tena la watu wasio na shida. Ni hili: kijana mwenye simu moja na mambo mengi, ayaweke mambo hayo katika programu ya orodha tupu, mstari mmoja kwa kazi moja na mahali pa kutia tiki, au ayaweke katika hizi programu za yote-kwa-pamoja, ambamo orodha, kalenda, maktaba, hesabu na shajara vinakaa chini ya paa moja? Wengine watasema hilo si swali la falsafa, ni la fundi simu. La hasha! Nyuma yake kuna swali la zamani kuliko simu. Mtu anapoandika jambo atakalolifanya, anaandika kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya yule anayemsubiri, au kwa ajili ya kuutuliza moyo wake mwenyewe?

Hebu kwanza tuvitazame vyenyewe. Orodha haina siri. Mwaka 2006 Mmarekani Gina Trapani alitoa todo.txt, ambayo kimsingi ni faili moja la maandishi matupu: kila mstari kazi moja, ukimaliza unaweka x mwanzoni mwa mstari, basi. Todoist, iliyoanza mwaka 2007, ina madoido zaidi, lakini ukiyavua unabaki na mstari na kiduara cha kubonyeza. Mtoto wa darasa la tatu ataielewa. Jumba ni jambo jingine. Chukua Notion, iliyotoka mwaka 2016 na kupata toleo lake la pili mwaka 2018. Humo kila mstari wa jedwali ni ukurasa, na ndani ya ukurasa waweza kutia jedwali jingine, ambalo mistari yake nayo ni kurasa. Jedwali lile lile unaweza kulitazama kama kalenda, au kama ubao wenye safu za "bado", "inaendelea" na "tayari". Unaweza kuweka picha ya bahari juu ya ukurasa, na kijipicha cha mnazi pembeni ya jina. Ni kazi nzuri ya akili, siidharau. Ukiingia humo unajisikia kama mtu aliyealikwa kwa matajiri.

Kwetu swali hili halikuja kwa udadisi. Tuko watano. Tunapokea miswada ya hadithi na mashairi ya vijana wenzetu, tunaisoma, tunaijibu, na iliyo mizuri tunaichapisha katika kijarida cha nakala chache. Ofisi hatuna. Mswada unakuja kwa WhatsApp, au unakuja kwa basi ukiwa umefungwa kwa gazeti, tunaufuata stendi. Sasa elewa jambo moja: kila mswada unaoingia ni mtu anayesubiri. Ana miaka kumi na tisa, hajawahi kumwonyesha mtu maandishi yake, hata mama yake, katutumia sisi, na sasa anatazama simu. Ukikaa kimya miezi minne, huyo haandiki tena. Nawajua wawili ambao hawaandiki tena, na kimya kile kilitoka kwa wahariri wengine kabisa, watu wazima wenye viti na meza.

Basi mshikaji mmoja kati yetu, hodari kwelikweli wa kompyuta, akasema tujenge jumba. Akajenga. Wiki mbili nzima! Kila mwandishi akapata ukurasa, kila ukurasa rangi yake kwa kufuata hatua ya mswada, na juu kabisa mlango mkuu wenye maneno ya kukaribisha. Tulipokutana kijiweni simu ikapita mkono kwa mkono, tunastaajabu tu. Ndipo dada mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza: "Sasa kaka, yule binti wa Korogwe ameshajibiwa?"

Kimya. Ukurasa wa binti ulikuwepo, wa njano, mzuri. Jibu ndilo halikuwepo.

Simwiti mwenzangu mvivu. Katika wiki zile mbili alifanya kazi kuliko sisi wote. Ila lililomkuta lina maelezo. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin kule Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kazi iliyokatizwa katikati hubaki akilini mwa mtu kuliko ile iliyokamilika. Waliorudia majaribio yale baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, lakini mtu yeyote mwenye deni anajua jinsi linavyomwamsha saa tisa za usiku. Sasa sikiliza hili. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walionyesha kwamba ukimpa mtu nafasi ya kupanga kwa makini namna atakavyoimaliza kazi, ile kazi huacha kumsumbua akilini, ingawa hajaifanya hata kidogo.

Wapo walioipokea habari hiyo kwa furaha: panga, upate utulivu. Mimi ilinitia hofu. Maana ule usumbufu ndio wakili pekee aliye naye binti wa Korogwe ndani ya kichwa changu. Yeye hayupo hapa. Hawezi kunigongea mlango. Kinachonigongea kwa niaba yake ni ule wasiwasi mdogo wa saa tisa, na kumbe wakili huyo ananyamazishwa na mpango tu, si lazima na kazi! Yaani akili ni bawabu anayehongeka: mwonyeshe mpango mzuri, anafungua geti na kurudi kulala. Orodha nayo inamhonga, sikatai, lakini inamhonga kwa senti. Mstari mmoja mkavu hautoi raha kubwa, na kesho asubuhi uko pale pale, unakutazama. Jumba linamhonga kwa noti. Umechagua rangi, umepanga safu, umeweka tarehe, umeunganisha jedwali na jedwali. Unalala kama mtu aliyelipa, na mdai wako bado yuko macho.

Nilimkumbuka Benjamin Franklin, ambaye katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe anasimulia jinsi alivyojitungia sifa njema kumi na tatu na kijitabu cha kutia alama kila alipokosea. Ya tatu ni utaratibu, kila kitu mahali pake. Ya nne ni kutimiza bila kukosa ulilokusudia. Aliziandika mbalimbali, na mwenyewe anakiri kwamba ile ya utaratibu ndiyo iliyomshinda. Watu wa leo wanaouza programu wanazizungumza kama ni kitu kimoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nikaenda kulitazama daftari lenyewe, lile la mangi wa dukani kwetu lililokwisha kona kwa kushikwashikwa. Mangi haandiki "kukusanya fedha". Wala haandiki "madeni: hatua ya pili". Anaandika jina la mama fulani, halafu sukari nusu, sabuni mche mmoja. Jina kwanza! Akifungua daftari anaona watu. Orodha zetu za kwenye simu huanza na kitenzi: soma, jibu, piga, tuma. Kitenzi hakina macho. Ukikiahirisha hakikasiriki. Nikatoa hoja kwa wenzangu kwamba tutumie orodha tupu, lakini tuiandike kimangi: si "kusoma hadithi tatu" bali fulani wa Korogwe, anasubiri neno letu tangu mwezi wa tatu.

Hapa lakini siwezi kujipa ushindi wa bure, kwani hoja ya upande wa pili ina nguvu, na aliyeitoa ni yule yule mjenzi wa jumba. Tulikuwa na mweka hazina, mwaminifu kupita maelezo. Michango ya wanaojiandikisha kupata kijarida aliiweka katika orodha safi kwenye simu yake, majina kwanza, vilevile ninavyopenda mimi. Akapata kazi Muscat, akaondoka kwa siku nne, simu ikabadilishwa huko huko. Orodha ikaenda na maji. Ikabidi tuulize mtu mmoja mmoja, "samahani, wewe ulilipa?" Fikiria aibu ya kumwuliza mtu mzima swali hilo. Dada yule hakuwa na kosa la uaminifu. Uaminifu wake ndio uliokuwa umefungiwa mfukoni mwake peke yake. Ahadi ya kikundi si mali ya mfuko wa mtu mmoja, akasema mshikaji, na hapo sikuwa na la kujibu. Ninalojua ni kwamba katika jumba la pamoja kuna hatari ya kinyume: watano wote tuliuona ukurasa wa njano, na kila mmoja akadhani mwenzake anaushughulikia.

Sasa nitataja jambo la Ifakara, maana ndilo lililotutoa pale tulipokwama. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuhakikishia usalama wa upasuaji, ya mambo 19 tu. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, kutoka Seattle na London hadi Manila, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwezi Januari 2009 yalisema kwamba vifo katika hospitali zile kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni kweli ile ni orodha ya kukagua, si ya kazi za kesho. Lakini tazama inavyotumika. Wote wanasimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mmoja anasoma kwa sauti. Tena kabla ya kisu kila mtu anatakiwa awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Kwa jina! Mangi angefurahi. Na mwaka 2014 watafiti walipofuatilia hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako orodha hiyo ilikuwa imeamriwa, vifo havikuwa vimeshuka kwa kiasi cha maana. Wakatokea waliosema kwamba huenda karatasi zilikuwa zikitiwa tiki bila watu kusimama na kusemezana.

Kwa hiyo ufupi peke yake hautoshi, wala upamoja peke yake. Tuliamua hivi: orodha moja fupi ya wote watano, kila mstari una jina la anayesubiri na jina la mmoja wetu anayedaiwa, mmoja tu, si wawili. Jumamosi inasomwa kwa sauti kijiweni, na ukisikia jina lako unajibu. Miswada yenyewe, maoni ya wasomaji, barua za zamani na hesabu, hayo yakakaa kwenye jumba la mshikaji, na nakiri kwamba huko yanakaa vizuri. Kitu cha kukumbukwa kinahitaji vyumba.

Kulikuwa na sababu nyingine za kidunia. Bando ni moja: kwa miaka mingi jumba lile lilitaka intaneti karibu kila hatua, na ni mwaka 2025 tu ndipo lilipoleta rasmi njia ya kufanya kazi bila mtandao. Nyingine ni kuhama. Wunderlist ilikuwa orodha iliyopendwa sana, ya vijana wa Berlin. Microsoft wakainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Watumiaji walipewa njia ya kuhamisha mistari yao, na mstari unahamishika. Ikibidi waunakili kwa kalamu kwenye karatasi. Jumba la kurasa ndani ya kurasa utalinakili kwa kalamu gani?

Kuna jambo orodha ya kusomwa kwa sauti ilituletea ambalo hatukulitarajia. Jina likisomwa Jumamosi tatu bila kutiwa tiki, chumba kizima kinaona haya. Katika jumba ungelihamishia kwenye safu ya "baadaye" na pasingekuwa na wa kuuliza. Pale kijiweni huwezi. Unabaki na njia mbili: ufanye, au umwandikie mhusika kwamba hutaweza, samahani, mtafute mwingine. Mwezi uliopita tumeandika barua mbili za namna hiyo. Ni barua ngumu kuliko za kusifu, na mmoja wa waliozipokea alitushukuru, mwingine akatutukana.

Sasa mshikaji ameniletea swali jipya, na linanikaa vibaya. Anasema: sawa, mdai akiwa na jina tumwandike. Je, ile hadithi yako ndefu unayoisema kila siku, nani anaisubiri? Ni kweli, hakuna. Hakuna Korogwe wala popote mtu anayetazama simu kwa ajili yake. Nikiiandika kimangi nafasi ya jina inabaki tupu, nami sitaki kuandika jina langu mwenyewe hapo, kwani mdai na mdaiwa wakiwa mtu mmoja watasameheana haraka. Dada wa maneno machache kasema tuiweke kwenye orodha hivyo hivyo, bila jina, isomwe Jumamosi. Mshikaji yeye ameshaifungulia ukurasa kule jumbani, wa buluu. Sijaingia kuutazama.