Valvu Tatu za Mwisho

Ukiwa na kitu kinachoisha kwa kutumika, na hakuna tena anayekitengeneza, ni haki ukitumie ama ukihifadhi? Wengi wetu tunaweza kulikwepa swali hili maisha yetu yote, manake vitu vyetu karibu vyote vina mbadala. Kioo cha simu kikipasuka, unashuka Luthuli unawekewa kingine. Lakini kuna watu wachache hapa Nairobi ambao swali hili liko mezani kwao, ndani ya maboksi madogo ya karatasi ngumu. Ni wapenzi wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni ya kuongea na dunia kwa mitambo yao wenyewe, bila laini ya simu wala bando. Ukisikia alama ya mwito inayoanza na 5Z4, huyo ni wa kwetu Kenya.

Siku hizi wengi hutumia redio za transista. Wachache bado wanazo za valvu. Valvu, kama hujawahi kuiona, ni kichupa cha kioo kinachofanana na balbu, kilichonyonywa hewa. Ndani yake kuna kathodi inayopashwa moto hadi elektroni zitoke na kukimbilia pleti. Kati yao kuna wavu mwembamba. Umeme mdogo ukiuchezesha wavu huo, mkondo mkubwa unaopita pale unacheza kwa kuufuata, na hivyo sauti dhaifu hupata nguvu. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu yake mwaka 1904, bado haina wavu; Mmarekani Lee de Forest akauongeza miaka michache baadaye. Transista ilipokuja mwaka 1947, valvu zikaanza kuaga polepole.

Na kathodi huchakaa. Kila saa inayowaka, inapoteza kidogo uwezo wake wa kutoa elektroni. Kuitumia ndiko kuimaliza.

Mzee mmoja ninayemfahamu ana Drake TR-4, redio ya Kimarekani ya miaka ya 1960. Kazi ya mwisho ya kurusha mawimbi hewani hufanywa na valvu tatu za aina ya 6JB6. Hizi hazikubuniwa kwa ajili ya redio hata kidogo. Zilikuwa za televisheni, za kuvuta mwale kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. TV zilikuwa nyingi, kwa hivyo valvu zake zilikuwa rahisi, na watengenezaji wa redio wakadandia bei hiyo. TV zilipohamia transista, 6JB6 ikakosa mama. Zilizobaki ni zile zilizobaki.

Mzee ana seti moja ya akiba: tatu, mpya, hazijawahi kuwaka. Pia ana mwanafunzi, msichana anayesomea uhandisi chuoni, ambaye huja Jumamosi kujifunza. Shida iko hapo. Redio hii hupatanishwa kwa mkono kila ukihama masafa. Unazungusha kitufe kimoja hadi sindano ya mita ishuke, unazungusha kingine ili nguvu iende kwenye eriali, unarudi kwa kile cha kwanza. Wakati huo wote, kama hujapata mahali pake, umeme unageuka joto ndani ya valvu, na baada ya sekunde chache pleti zinaanza kuwa nyekundu. Anayejua humaliza haraka. Anayejifunza huchelewa, na kule kuchelewa ndiko kunakoua valvu. Na hakuna aliyewahi kuijua kazi hii kwa kutazama tu.

"Sasa wewe kijana wa kuandika-andika," mzee aliniuliza, "nimwachie aishike, ama niiweke?"

Nilimwambia, "Mzee, nipe muda nifikirie." Nimefikiria.

Wahenga hawanisaidii sana hapa. Mmoja anasema akiba haiozi. Mwingine anaonya kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Wote wawili wako upande wa kuweka, na hoja yao si ya kudharau. Valvu inayoungua mikononi mwa mwanagenzi imenyang'anywa mtu wa kesho ambaye huenda angeitumia vizuri zaidi. Nani alitupa ruhusa ya kumaliza kisichorudi?

Lakini ebu tumuulize huyo mwekaji: unamwekea nani? Atasema, anayekuja. Sawa. Huyo anayekuja atajua vipi kuizungusha ile redio, kama waliojua walikufa na maboksi yao yakiwa yamefungwa? Asipojua, alichorithi ni chupa. Kwa hivyo hata hoja ya kuhifadhi, ukiifuata hadi mwisho, inadai kwamba sehemu ya akiba iungue ili ujuzi ubaki.

Kuna ushahidi mwingine. 12AX7, valvu ndogo wanayoipenda wapiga gitaa kwenye vikuza sauti vyao, bado inatengenezwa Urusi, Slovakia na China. Mbona hiyo na si 6JB6? Si ati ni bora kuliko dada yake. Ni kwamba kuna watu wengi wanaoiwasha, inaungua, wanarudi dukani. Matumizi yanayoimaliza moja moja ndiyo yanayoiweka hai kwa jumla.

Mtu atasema, kwani lazima? Si huyo dada ajifunzie redio ya kisasa inayojipatanisha yenyewe? Anaweza, na atafanya hivyo. Wengine watasema aanze na valvu chakavu, kwa mzigo wa bandia badala ya eriali. Huo ni ushauri mzuri na mzee ameshaufuata. Lakini valvu iliyochoka haisemi na mita kama nzima. Siku itafika ambapo lazima ashike zilizo nzima, na siku hiyo ndiyo tunayoigombania.

Kinachonisumbua zaidi ni mzee mwenyewe. Tukizungumza kuhusu "vizazi vijavyo" tunasahau kwamba zile valvu tatu ndizo jioni zake. Kuna watu wa mbali anaowajua kwa sauti tu. Kila dakika ambayo msichana anachelewa kupata mahali pa sindano inatoka kwenye hesabu ya mazungumzo hayo. Kwa hivyo sitasema ana deni. Msichana hana haki ya kudai, na mimi sina haki ya kudai kwa niaba yake. Mzee akisema "hizi ni zangu, nitazimaliza mwenyewe," hatakuwa amemkosea mtu.

Ndiyo maana jibu langu si amri. Nadhani amwachie, na nadhani ni vizuri kwa sababu si lazima. Deni likilipwa, limelipwa, basi. Zawadi ya namna hii ina uzito kwa sababu aliyeitoa alijua bei yake, na aliyeipokea aliona pleti zikianza kuwa nyekundu na mzee bado hajanyoosha mkono kumzuia.