Tundu na Mshono

Kakangu mdogo ana kovu mgongoni, upande wa kushoto, dogo kuliko lile alilopata gotini kwa kuanguka na baiskeli. Kovu hilo lilikula semesta mbili za chuo. Semesta zangu.

Watu huisikia hii stori vibaya. Wanasema, "Kumbe uliacha shule ndio mtoi apone." Hapana. Mtoi angepona tu. Swali langu liko hapo, na nimekaa nalo miaka mitatu hapa Mbotela bila kulimaliza.

Alikuwa na miaka 7. Alianza kulia akienda haja ndogo, mkojo ukawa na rangi ya strungi. Mathe akalaumu maji ya mfereji, jirani akalaumu krispi, kila mtu akawa daktari. Kumbe ni jiwe kwenye figo, kubwa, la kutoweza kupita lenyewe. Tukaambiwa kuna njia mbili. Moja, apasuliwe ubavuni, mkato mrefu, jiwe litolewe, alale wodini siku nyingi. Ya pili, daktari anapita mgongoni na sindano huku akiangalia eksirei, anapanua njia hiyo mpaka ipitishe mrija wenye kamera, anavunja jiwe humo ndani na kutoa vipande. Tundu halifiki sentimita moja. Siku chache mtoto yuko nyumbani.

Njia hii ya pili si mpya. Fernström na Johansson wa Uswidi waliieleza mwaka 1976, ila vilichukua miaka mingine vyombo kuwa vyembamba vya kutosha mgongo wa mtoto. Na kinachofanya tundu liwe dogo ndicho kinachofanya bili iwe kubwa: mashine, mrija, na mtu aliyefundishwa kuushika. NHIF, ambayo bado ilikuwepo siku hizo, ingebeba sehemu tu. Harambee ya WhatsApp ikaleta ilicholeta. Pengo lililobaki lilikuwa karibu sawa na karo yangu, iliyokuwa imeshawekwa pembeni, pesa ya mathe ya kuamkia Gikomba saa kumi usiku kuchagua mitumba.

Kikao kikaitwa. Wajomba wamejaa kwenye kochi, mimi kwenye stuli. Mathe akaniuliza mbele yao, "Wewe unaonaje?" Sasa hapo mtu anasema la kwa mdomo gani? Nikasema sawa. Mpaka leo sijui kama ile inaitwa kukubali.

Kama ingekuwa kufa na kupona, singekuwa nikiandika haya. Lakini kwenye mizani upande mmoja kulikuwa na mshono mrefu na maumivu ya wiki kadhaa, upande wa pili miaka yangu. Rafiki mmoja aliniambia huwezi kupima uchungu wa mtoto kwa cheti. Ni maneno mazuri. Ila sisi hupima kila siku: mafuta ya kupima au nauli, dawa ya baba au rent. Nimegundua mtu hukuambia kitu hakina bei pale tu bei yake inapokuwa inatoka mfukoni mwako.

Sababu iliyonituliza kidogo ni hii. Mtoto anayetengeneza mawe akiwa mdogo mara nyingi huyatengeneza tena, maana shida iko kwenye namna mwili wake unavyofanya kazi. Kupasua mara ya pili mahali palipowahi kupasuliwa ni kazi ngumu. Kwa hiyo hatukununua urembo wa ngozi, tulimwekea nafasi ya kesho. Sikuijua hoja hii siku ya kikao, lakini. Niliisoma baadaye, nikiitafuta.

Na nikiwa mkweli, nilikuwa nimefeli yuniti tatu na sikuwa nimemwambia mtu. Nilitoka chuo kama shujaa wakati nilikuwa natoka kama wengine wanavyotoka. Kwa hiyo hata uchungu wangu una madoa.

Kinachonikera si pesa. Ni mathe, kijana akivunja kikombe au akileta alama mbaya, kumwambia, "Na vile ndugu yako aliacha shule kwa sababu yako." Yeye siku ile alikuwa amelala kwa nusukaputi. Hakuitwa kwenye kikao. Sisi wakubwa tuliamua, halafu deni tukaliandika kwa jina la aliyekuwa usingizini. Nimemwomba mathe aache. Aliniangalia kama nimemtukana, akaendelea kukunja nguo.

Vipande vya jiwe viko kwenye kichupa juu ya televisheni. Ameonyesha marafiki wote wa mtaa. Daktari alisema anywe maji mengi, kwa hiyo kila jioni mimi ndiye askari wa chupa. Juzi, chupa ikiwa nusu, aliniuliza narudi chuo lini.

Nikamwambia amalize maji.