Je, Yafaa Kumsifu Mtumishi kwa Kazi Iliyompasa?

Katika nchi ya Kenya iko desturi ambayo wengi wetu twaijua tangu utoto. Watu huitwa barazani, na mkubwa wa serikali husimama mbele yao kuwapa habari za usalama, za shule, za vitambulisho na za chakula cha msaada wakati wa njaa. Akiisha kutoa habari, huwataja watumishi waliofanya kazi vema, na watu hupiga makofi. Zamani mkubwa huyo alikuwa D.C. Lakini baada ya Katiba ya mwaka 2010, na sheria iliyotungwa mwaka 2013, ndiye kamishna wa kaunti. Na chini yake wako manaibu na wasaidizi wake, kisha machifu, na manaibu wa machifu walio karibu kabisa na nyumba zetu.

Nataka leo tujiulize neno moja juu ya makofi yale. Mtu akilipwa mshahara kwa kazi yake, naye akaifanya, je, yafaa kumsifu? Au sifa hizo ni bure tu, au pengine zina hatari?

Wako wasemao kwamba hazifai. Husema, mshahara wake ndio shukrani yake. Hukumbusha mfano wa Bwana wetu juu ya mtumwa aliyerudi kutoka shambani, ambaye hakuketishwa mezani kwa heshima, bali aliambiwa kwanza amwandalie bwana wake chakula. Tena wazee wetu walionya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wengine husema kwamba zafaa sana. Nao wana mfano wao katika maneno ya Bwana yule yule, yaani mfano wa talanta, ambapo mtumwa mwaminifu alisifiwa na bwana wake, akaingizwa katika furaha yake. Wazee nao walisema: chanda chema huvikwa pete.

Je, mifano hii miwili yapingana? Sivyo. Tuangalie ni nani asemaye. Katika ule wa kwanza, watumwa wafundishwa waseme nini juu ya nafsi zao, yaani kwamba wametenda tu yaliyowapasa. Katika ule wa pili, anayesema ni yule aliyetumikiwa. Basi mtumishi asijidai sifa, wala asiketi akizingojea. Lakini aliyehudumiwa asijifiche nyuma ya neno hili, “Analipwa,” akanyamaza. Sifa si haki ya mtumishi kuidai. Ni deni la aliyetendewa mema.

Sasa deni hili lalipwa kwa namna gani? Hapa ndipo penye shida, nami sina budi kukiri kosa langu. Siku moja nilikuwa barazani, na mtumishi mmoja akasifiwa kwamba mlango wake u wazi kwa kila mtu. Nami nilijua ya kuwa mjane mmoja, jirani yangu, amekwenda kwenye mlango huo mara nne, akitafuta barua ya kuwataja warithi wa marehemu mumewe, na kila mara amerudishwa bila jibu. Hata hivyo nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Nilipogeuka nilimwona mjane yule ameketi nyuma yangu, mikono yake i juu ya magoti, ananitazama. Hakusema neno. Na siku ile ile hakutajwa kabisa mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyezunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu akiwakumbusha wazazi chanjo za watoto wao.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nimezoea kuidhani amri ya kutoshuhudia uongo kuwa yamhusu mtu anayemsingizia jirani yake uovu. Sikufikiri kwamba mtu aweza kuivunja kwa kusifu. Lakini makofi yangu yalikuwa ushuhuda, nao ulikuwa wa uongo. Yalimwambia mjane kwamba taabu yake haikuwako. Yalimwambia mtumishi yule kwamba hana la kutengeneza. Na yule mama mwaminifu yalimfundisha kwamba wanaosifiwa ni wale walioketi mbele.

Basi naona kwamba sifa mbele ya watu si malipo, wala si adabu tu. Ni ushuhuda, na shahidi hana ruhusa ya kusema asiyoyajua, wala kuyaficha anayoyajua. Tazameni nabii Samweli alipokuwa mzee. Hakuwakusanya Waisraeli ili wamwimbie sifa. Aliwauliza kwanza kama amemnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au kupokea rushwa. Watu wakajibu kwamba hakufanya hivyo. Jibu lile lilikuwa sifa kuu kuliko nishani yo yote, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na nafasi ya kusema vingine.

Katiba ya Kenya nayo yafuata njia hiyo. Kifungu cha 73 chasema kwamba mamlaka ya kiongozi wa serikali ni amana, naye amepewa jukumu la kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Na kifungu cha 76 chaamuru kwamba zawadi apewayo kiongozi wa namna hiyo katika shughuli ya serikali ni zawadi ya Jamhuri, isipokuwa sheria imeruhusu vingine. Kumbe hata heshima apewayo haikukusudiwa kumtajirisha yeye.

Tena fikirini hili. Gavana huchaguliwa kwa kura, na watu waweza kumshukuru au kumkataa kwa kura. Lakini kamishna na chifu hawapigiwi kura. Kwa hiyo kinywa cha mwananchi barazani chawa na uzito zaidi. Tukikifunga kwa hofu, au tukikiuza kwa kutafuta upendeleo, wakubwa watajuaje ni nani atumikaye kwa haki?

Ndugu zangu, nawasihi mambo matatu. Kwanza, baraza likiitwa, nendeni mkasikilize habari kabla ya kupiga makofi, na mkaulize kwa adabu yale yasiyoelezwa. Pili, mkiona mtumishi mnyenyekevu afanyaye kazi bila kuonekana, msimameni mbele ya watu mkamtaje kwa kazi aliyoifanya hasa. Tatu, mkimjua mtu aliyenyimwa haki yake, msimwache peke yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki hiyo ni ya mtumishi aliyesahauliwa, na ya mjane pia.

Mimi nilikwenda kwa yule mjane nikamwomba radhi, kisha tukafuatana kwenda kuitafuta barua yake. Tuliipata siku ile ile. Mtumishi yule alipompa, nilimshukuru, na safari hii shukrani yangu ilikuwa kweli.